Matairi mapana yasifungwe bila kupimwa

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo limenikera kwa muda mrefu, na ambalo nikiendelea kulinyamazia nitakuwa nashiriki makosa. Jambo lenyewe ni huu mtindo wa kuyashusha magari madogo na kuyafunga matairi mapana nyuma, huku mafundi wengi wanaoifanya kazi hiyo hawapimi kitu chochote isipokuwa mfuko wa mteja.

Mimi ni fundi mstaafu. Nilishika spana kwa mara ya kwanza mwaka 1971 nikiwa kijana wa miaka kumi na minane, na nimekula jasho la gereji kwa zaidi ya miaka thelathini na mitano. Nasema hivi ili wasomaji wajue kwamba siandiki kwa chuki ya mzee anayekasirishwa na kila jipya la vijana. Hata sisi tulikuwa na mbwembwe zetu. Nimewahi kufunga taa sita mbele ya Datsun 1200 mpaka betri ikalia, na nilijiona nimefanya la maana. Kijana kupenda gari lake lipendeze si kosa. Kosa ni kulipendezesha bila kujua kinachotendeka mvunguni.

Kilichonifanya nichukue kalamu ni ajali iliyotupata mimi na jamaa zangu mwezi wa Desemba 2023 katika barabara ya kwenda Tanga. Nimekaa nalo moyoni muda huu wote kwa sababu sehemu ya lawama ni yangu, na si rahisi mtu mzima kujianika gazetini. Lakini nimeona bora niaibike mimi kuliko msomaji mwingine azike.

Marehemu kaka yangu aliacha mtoto wa kiume, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye kazi yake. Kijana huyu alinunua gari aina ya Toyota Altezza, lile la RS200, ambalo kiwandani hufungwa matairi ya 215/45 R17 juu ya rimu ya upana wa inchi 7. Ni gari zuri, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na lilitengenezwa kati ya mwaka 1998 na 2005. Baada ya miezi michache akalipeleka kwa fundi mmoja hapa Dar es Salaam, ambaye simtaji jina kwa kuwa nia yangu si kumharibia riziki. Fundi akakata mikunjo ya springi kwa mashine ili gari likae chini. Kisha akafunga nyuma rimu kuukuu za upana wa inchi 9, na juu yake matairi ya 235/45.

Siku alipokuja kunionyesha aliniuliza, "Baba mdogo, unalionaje?" Nilisimama mlangoni nikacheka, nikamjibu, "Naliona limekaa kama kuku anayetaka kutaga. Shauri yako." Akanyamaza, akaondoka. Mimi, fundi wa miaka yote hiyo, sikutoka hata hatua tatu kwenda kutazama. Nilikuwa na hasira kwamba hakuniuliza kabla ya kukata springi, na nilitaka ajue kwamba nimekasirika.

Siku ya safari tulikuwa watu watano: kijana kwenye usukani, mimi pembeni yake, na nyuma shemeji yangu ambaye ndiye mama yake kijana, mke wangu, na mjukuu wangu wa miaka sita. Tulikuwa tunakwenda harusini. Ndani ya buti mlikuwa na gunia la mchele, masufuria mawili makubwa, na mabegi. Tulipofika Kibaha nikaanza kusikia mkwaruzo kila tulipopita kwenye tuta. Tulipopita Lugoba ikaingia harufu ya mpira. Nikamuuliza, akasema, "Ni matairi mapya, baba mdogo, yanajizoesha." Tukasimama Mkata kunywa chai. Hapo ndipo ningeweza kuinama nikatazama. Lakini nilikuwa nimevaa kanzu safi ya harusi, na chini palikuwa na vumbi na mafuta. Nikaona nikiinama nitajichafua.

Tuliondoka Mkata, na kabla ya kufika Kabuku tairi la nyuma kushoto likapasuka. Gari lilipiga mkia, likatoka barabarani, likagonga kingo ya udongo. Shemeji yangu alivunjika mkono. Mjukuu alipasuka juu ya jicho, akashonwa. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyekufa, na hakukuwa na basi lililokuwa likija mbele yetu wakati ule, maana kama lingekuwapo nisingeandika barua hii.

Ndipo nilipopiga magoti na kanzu yangu. Bega la lile tairi lilikuwa limechongwa mtaro mwembamba uliozunguka gurudumu zima, na nyuzi za chuma zilikuwa zinang'aa ndani yake. Juu yake, mdomo wa madigadi ulikuwa umesuguliwa mpaka umekuwa mweupe na mkali kama wembe, na ndani kote kumejaa unga mweusi wa mpira. Tairi la kulia nalo lilikuwa na mtaro wa namna hiyohiyo, ila lilikuwa bado halijafika mwisho. Taarifa ilisema chanzo ni tairi kupasuka. Mimi nasema tairi lile lilikatwa, tena lilikatwa polepole kwa karibu kilomita mia mbili, sisi tukiwa tumekaa juu yake tunazungumza habari za harusi.

Ndugu Mhariri, sasa naomba nieleze kwa nini jambo hili hutokea, maana wengi hudhani ni bahati mbaya.

Kijana aliniapia kwamba alikuwa ameendesha gari lile wiki nane mjini bila kusikia lolote la kutisha. Namwamini. Mjini alikuwa peke yake. Gari lenye dereva mmoja nyuma huwa jepesi, na tairi huwa mbali na madigadi. Waweke watu watatu nyuma na gunia butini, gari linashuka. Lipite kwenye tuta kwa mwendo, tairi linapanda zaidi ndani ya tao lake. Hapo ndipo linapokutana na mdomo wa bati. Kwa hiyo kosa kubwa la mafundi wetu ni hili: wanalipima gari likiwa tupu na limesimama, wakati mwenyewe atalitumia likiwa limejaa na linarukaruka.

Kosa la pili ni kutojua namba. Kila rimu ina namba mbili ambazo mnunuzi lazima azisome, na kwa kawaida zimepigwa chapa nyuma yake au ndani ya mikono yake. Ya kwanza ni upana kwa inchi. Ya pili ni ofseti, ambayo mara nyingi huandikwa kwa herufi ET na kufuatiwa na milimita. Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso ule unaokaa kwenye habu. Namba ikiwa kubwa, gurudumu huingia ndani. Ikiwa ndogo, gurudumu hutoka nje.

Tufanye hesabu ya gari letu, mtoto wa shule anaweza kuifanya. Rimu ya kiwandani ina inchi 7, yaani karibu milimita 178. Nusu yake ni 89. Ofseti yake ni 50. Ukitoa 50 katika 89 unapata 39, ndiyo milimita ambazo ukingo wa rimu umetoka nje ya uso wa habu. Rimu aliyofungiwa kijana ilikuwa na inchi 9, karibu milimita 229, nusu yake ni kama 114. Ofseti yake ilikuwa 30. Toa 30 katika 114, unapata 84. Kutoka 39 hadi 84 ni milimita 45. Fundi alikuwa ameusogeza ukingo wa rimu nje kwa sentimita nne na nusu katika nafasi ambayo hakuwahi kuipima.

Halafu kuna kimo cha tairi. Tairi la 215/45 R17 lina kipenyo cha kama milimita 625. Lile la 235/45 R17 lina kama milimita 643. Maana yake sehemu ya juu ya tairi ilikaribia tao kwa milimita 9 nyingine, hata kabla ya kukata springi. Tena rimu ikipanuka huvuta mashavu ya tairi yakatanuka nayo. Kwa kawaida kila nusu inchi ya rimu hutanua tairi kwa karibu milimita 5. Hayo yote yalijumlishwa juu ya gari lililokatwa springi. Ungetegemea nini?

Na ukataji wenyewe wa springi una hila zake. Springi iliyokatwa inapungua urefu, lakini pia inakuwa ngumu zaidi kwa kila mkunjo unaoondolewa. Ukiinua gari kwa jeki, springi hiyo fupi inaweza kulegea kabisa katika kiti chake na isirudi mahali pake sawasawa. Wapo wengine wanaozichoma kwa gesi ili zilale. Hao ndio hatari kabisa, kwa sababu chuma cha springi kikichomwa hupoteza nguvu zake, na siku moja huendelea kulala au huvunjika. Tulipofungua gari letu nikakuta na jambo jingine: ule mpira wa kugotea, unaozuia gurudumu lisipande kupita kiasi, ulikuwa umekatwa nusu. Fundi aliukata kwa sababu gari lilikuwa linagonga. Yaani alipoona gurudumu limefika mwisho wa njia yake, akaufungua ukuta ili liendelee.

Nilikwenda kumwona fundi huyo. Alinipokea kwa adabu, akaniamkia, "Shikamoo mzee," nikaitikia, "Marahaba." Nikamuuliza alipima wapi. Akasema, "Mzee, nilipitisha kidole kikapita." Nikamuuliza, "Kidole kilipita gari likiwa na watu wangapi?" Akanyamaza. Baadaye akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Mzee wangu, mteja huja hapa na rimu amekwisha kuzinunua. Nikianza kupima na kumwambia hazifai, anakwenda kwa jirani, na jirani anafunga. Nimebaki bila kazi na yeye kafungiwa." Sikuwa na jibu la haraka. Alikuwa amekosea, lakini alichosema ni kweli, na ndiyo sababu siamini kwamba tatizo hili litaondoka kwa kumlaumu fundi mmoja.

Wapo watakaosema basi jambo hili lipigwe marufuku moja kwa moja. Mimi siungani nao. Kwanza, magari mengi ya namna hii huletwa kutoka Japani yakiwa yameshashushwa na wenyewe wa kwanza. Hukohuko Japani jambo hilo halikupigwa marufuku, bali limewekewa kipimo. Gari binafsi likishapita umri wake wa mwanzo hukaguliwa kila baada ya miaka miwili, na sehemu ya chini ya gari kwa kawaida haitakiwi kuwa chini ya sentimita 9 kutoka ardhini. Rimu haitakiwi kutokeza nje ya madigadi, na tangu mwaka 2017 kilichoruhusiwa ni mpira wa tairi kutokeza kidogo tu, usifike milimita 10. Huo ndio utaratibu: hawakumwambia kijana asipendezeshe gari lake, wamemwambia mwisho ni hapa.

Pili, matairi mapana yenyewe si maovu. Yakifungwa inavyotakiwa hushika barabara vizuri penye kona na wakati wa breki. Na tatu, kijana wetu hakukubali kurudisha gari kama lilivyotoka kiwandani. Ningemlazimisha angekubali mbele yangu na kwenda kufunga tena nyuma yangu. Kwa hiyo gari lilipokwisha kunyooshwa nikamwambia, "Mwanangu, lete gari hapa nyumbani, safari hii tutapima pamoja." Naomba nieleze tulivyofanya, maana huenda ikamsaidia mtu.

Tuliondoa springi za nyuma kabisa, tukarudisha shokapu na mipira mipya ya kugotea. Tukafunga gurudumu la zamani la kiwandani, tukaweka jeki chini ya mkono wa gurudumu, tukalipandisha mpaka likagota. Hapo ndipo mahali pa juu kabisa tairi linapoweza kufika, na hapo ndipo pa kupimia. Tukachukua mabonge ya unga wa ngano uliokandwa, tukayabandika ndani ya tao, tukalizungusha gurudumu na kulipandisha tena. Unene wa unga uliobaki ndio nafasi iliyopo. Hakuna kifaa cha gharama hapo.

Tukagundua mambo mawili. La kwanza, kitu cha karibu kabisa na tairi kilikuwa skrubu inayoshika pembe ya bampa, ambayo ilikuwa imechungulia ndani. Skrubu ya namna hiyo inaweza kukata tairi peke yake hata kama bati liko salama. Tuliibadilisha kwa fupi yenye kichwa bapa. La pili lilikuwa ule mdomo wa madigadi, bati lililokunjwa kuelekea ndani. Huo unaweza kukunjwa kwenda juu ukapata nafasi ya ziada. Lakini usipigwe kwa nyundo, wala usiingize gongo la mti kati ya tairi na bodi ukaendesha gari mbele na nyuma, kama nilivyowahi kuona. Bati lipashwe kwanza kwa hewa ya moto ili rangi isipasuke, kisha likunjwe kidogokidogo kwa kigurudumu kinachofungwa kwenye habu. Wala lisikatwe ovyo, kwa sababu pale ndipo bati la nje na la ndani huunganishwa. Ukilikata umefungua mshono, maji yanaingia, kutu inakula, na baada ya masika mawili unatafuta bodi nyingine. Tulipomaliza kukunja, tukaziba mshono na kupaka rangi.

Baada ya hapo tukapima tena, tukapata milimita 28 upande wa nje na milimita 15 upande wa ndani, kati ya tairi la kiwandani na kitu chochote. Ndipo tukatafuta rimu inayofaa nafasi hiyo, badala ya kutafuta nafasi ya rimu iliyokwisha nunuliwa. Tukachagua ya inchi 8 yenye ofseti 40. Nusu ya inchi 8 ni kama milimita 102. Toa 40, zinabaki 62. Kutoka 39 hadi 62 ni milimita 23 kwenda nje, na kwa ndani zinaongezeka kama 3 tu. Juu yake tukafunga matairi ya 225/45 R17, yenye kipenyo cha kama milimita 634. Springi hatukukata, tulinunua zilizotengenezwa kwa ajili ya gari lile, zinazolishusha kwa sentimita 3.

Kijana aliuliza kama hatuwezi kuyainamisha magurudumu ili vichwa vyake viingie ndani. Inawezekana kwa kiasi, na gari lenye mikono ya namna ile likishushwa magurudumu huinama yenyewe kidogo. Lakini uzito wa faida ni mdogo: kwa tairi la kimo hicho, kuinamisha kwa digrii 1 huvuta kichwa cha tairi ndani kwa kama milimita 5 hadi 6. Ukitaka sentimita mbili kwa njia hiyo gari litasimama kama punda aliyelemewa mzigo, litakanyaga kwa ukingo wa ndani tu, na matairi yataisha upande mmoja huku upande wa nje yakionekana mapya. Hiyo nayo ni hatari, kwa sababu askari na mwenye gari hutazama upande wa nje.

Mwisho tukafanya jaribio. Tukapaka chaki ndani ya midomo ya madigadi. Tukawaomba majirani wanne wenye miili yao wapande, tukaweka magunia mawili ya mchanga butini, tukapita kwenye matuta ya mtaani kwenda na kurudi, na kwenye kona tukageuza kwa ukali. Tuliporudi chaki ilikuwa nzima. Baada ya kilomita kama mia moja tukakaza nati za magurudumu upya. Tangu siku hiyo gari limekwenda Tanga na kurudi mara tatu, na shemeji yangu amekubali kupanda, ingawa hukaa kimya mpaka tupite Kabuku.

Kutokana na hayo, Ndugu Mhariri, ninayo mapendekezo machache kwa wanaohusika.

Kwa vijana wenye magari: usinunue rimu kabla ya kupima. Ukienda kwa fundi, swali lako la kwanza lisiwe "bei gani?" bali "utapimia wapi?" Akikuonyesha kidole, ondoka. Na ukisikia mkwaruzo au harufu ya mpira njiani, simama hapohapo, hata kama una mgeni rasmi ndani ya gari.

Kwa wauza rimu: andikeni upana na ofseti kwa chaki mbele ya kila rimu, pamoja na bei. Namba zipo tayari kwenye bidhaa, hamhitaji kuzitafuta. Mnunuzi akiziona atauliza maana yake, na akiuliza ataelimika.

Kwa mafundi wenzangu: kataeni kwa pamoja. Yule fundi alisema kweli kwamba akikataa peke yake jirani atafunga. Dawa yake ni jirani naye akatae. Katika mitaa mingi ya gereji mafundi wanajuana, wanazikana na kuchangiana harusi. Hawashindwi kukubaliana kwamba hakuna atakayefunga tairi pana bila kupandisha gurudumu hadi mwisho wake na kuandika kwenye risiti nafasi iliyobaki. Risiti hiyo itamlinda mteja, na itamlinda fundi pia siku likitokea la kutokea.

Kwa vyuo vya ufundi, vikiwamo vile vya VETA: ningefurahi kuona kijana anayefuzu umekanika akiijua hesabu hii ya ofseti kama anavyojua kubadilisha pedi za breki. Ni somo la nusu siku, na bonge la unga.

Kwa askari wa usalama barabarani: nashukuru kwa kazi mnayoifanya, hasa katika Wiki ya Nenda kwa Usalama. Naomba mkague pia matao ya magurudumu kwa ndani. Alama ya kusuguliwa haifichiki: bati linang'aa, na kuna unga mweusi. Askari akipitisha kurunzi kwa nusu dakika atayaona yale ambayo mimi nilikataa kuyaona kwa sababu ya kanzu.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliinama nikiwa nimechelewa, mbele ya mama aliyekuwa analia kwa maumivu, na kanzu niliyokuwa naihifadhi ilikwisha kuingia damu ya mjukuu wangu. Ningeinama Mkata, tungechelewa harusi kwa saa mbili na kila mtu angefika mzima. Basi nawaomba wenzangu, wazee kwa vijana, tusioneane aibu wala tusinuniane katika mambo ya namna hii. Kijana akikuletea gari lake uone, toka nje, inama, utazame.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi Mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam.